Nani Ametangulia Kulipa? Safari za Kikazi Kutoka Bagamoyo hadi Mtaa wa Samora

Waliowahi kuuguza mtu Muhimbili wanazijua wodi za Sewahaji. Wachache huuliza huyo Sewa Haji alikuwa nani. Alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, Mwismaili, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki 1897, na aliacha jina kwa sababu alitoa fedha zake kujenga hospitali Dar es Salaam na shule kule Bagamoyo. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefanya kazi ya kusafirisha watu wa maofisini, na nikimtafuta mtu wa kwanza wa pwani hii aliyeifanya kazi yangu, namkuta yeye.

Mgeni aliyeshuka Bagamoyo akitaka kwenda Unyanyembe au Ujiji alikuwa hajui lolote la maana. Hajui wapagazi wanapatikana wapi wala mpagazi mmoja anabeba kiasi gani. Hajui ni kaniki au merikani inayotakiwa huko aendako, wala ni shanga za rangi gani zinazokataliwa. Kosa la shanga halikuwa dogo: ukifika Ugogo na shanga zisizotakiwa, umebeba mzigo usionunua hata kibaba cha mtama. Sewa Haji na wenzake wa mtaa wa wafanyabiashara walikuwa na bidhaa ghalani, walijuana na wanyampara, na zaidi ya yote walikuwa na uwezo wa kungoja. Hilo la kungoja ndilo lililo muhimu. Msafara ulikula fedha kabla haujapiga hatua. Vitambaa vya posho ya wapagazi, hongo ya watawala njiani, waya, shanga, chumvi, vyote vilinunuliwa pwani. Pembe za ndovu za kulipia gharama hiyo zingerudi baada ya miezi au miaka, na pengine zisirudi kabisa. Kwa hiyo kila msafara ulioondoka Bagamoyo ulikuwa na mtu nyuma yake aliyetangulia kulipa.

Mfano ninaoupenda ni wa Henry Morton Stanley. Alifika Unguja Januari 1871, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Ni safari ya kikazi kwa kila kigezo: mwajiri yuko mbali, mfanyakazi yuko njiani, na kazi ina tarehe. Alipofika, fedha za mwajiri hazikuwepo, wala barua ya kueleza zitakuja lini. Balozi mdogo wa Marekani pale Unguja, Francis Webb, ndiye aliyemdhamini ili apate bidhaa na wapagazi kwa mkopo. Wanafunzi hufundishwa kwamba gazeti tajiri la New York lilimtafuta Livingstone. Kwa hesabu za karani wa safari, aliyemfikisha Ujiji ni mdhamini wa Unguja. Stanley alivuka kwenda Bagamoyo, na katika kitabu chake analalamika kwa kurasa kadhaa juu ya kijana mmoja wa Kihindi aliyekuwa akimtafutia wapagazi, kwamba anachelewesha na anazidisha bei. Wanahistoria humtambua kijana huyo kuwa Sewa Haji, wakati huo akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Nimesoma malalamiko hayo kwa jicho la mtu wa kazi. Mteja aliyekuja bila fedha taslimu, anayetaka kuondoka kabla ya masika, na anayemlaumu wakala kwa kila siku inayopita, nimemhudumia mara nyingi.

Upande wa Unguja mambo yalikuwa makubwa zaidi. Taria Topan, aliyekuwa msimamizi wa forodha ya Sultani, alimkopesha Hamad bin Muhammad, yule tunayemwita Tippu Tip, mali ya safari iliyoanza karibu mwaka 1870 na iliyomrudisha Unguja mwaka 1882. Miaka 12 ya kungoja deni! Biashara yenyewe ilikuwa ya pembe na ya watu waliotekwa, na hakuna hesabu nzuri inayoweza kuusafisha ukatili huo. Naitaja kwa sababu tukisoma historia ya misafara tunamtazama anayetembea mbele na bendera, wakati nguvu ya kuamua nani aende, lini na kwa njia ipi, ilikuwa kwa aliyebaki barazani na daftari.

Reli ilivunja utaratibu huo kwa muda mfupi sana. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na safari iliyomaliza miezi mitatu ikawa ya siku chache. Hapo ndipo serikali yenyewe, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, ikawa mwajiri mkubwa wa wasafiri: maofisa wa wilaya, makarani, askari, walimu. Ikatumia waranti. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa, maana nchi ilipopata uhuru tuliurithi utaratibu huo na tukasomea kwa waranti. Mimi nilikwenda sekondari Tabora kutoka Tanga na karatasi moja yenye jina, daraja la tatu, kituo cha kuanzia, kituo cha kufikia, na mhuri wa ofisi ya elimu. Dirishani hapakuwa na fedha. Karani aliichukua karatasi, akatoa tiketi, na reli ikaenda kudai wizarani. Msichana wa miaka 14 alivuka nusu ya nchi bila senti ya nauli mfukoni, na wazazi wake hawakukopa kwa mtu. Aliyetangulia kulipa alikuwa Shirika la Reli. Kwamba lililipwa kwa wakati au la, sisi hatukuuliza, na lile swali ambalo hatukuliuliza lilichangia kuyaumiza mashirika yetu mengi.

Ndege zilikuja kwa wachache. East African Airways ilianza kuruka mwaka 1946 ikiwa na ndege sita ndogo za Dragon Rapide, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Miaka 20 baadaye ilikuwa inapeleka Super VC10 London. Katika kipindi hichohicho ofisi za mawakala zilianza kuonekana katikati ya Dar es Salaam. Kearsley, kwa mfano, ni ya mwaka 1948. Wateja wao walikuwa makampuni ya mkonge, mabenki, misheni na maofisa waliokwenda likizo kwao kwa gharama ya serikali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, East African Airways ikafa, mpaka wetu na Kenya ukafungwa Februari na kubaki umefungwa hadi Novemba 1983. Machi mwaka huohuo, 1977, likaundwa Shirika la Ndege Tanzania, na sisi tukaanza kulizoea jina la ATC.

Niliajiriwa mwaka 1986, karani wa safari katika shirika moja la umma. Meza yangu ilikuwa kati ya masijala na dirisha la keshia, na kazi ilikuwa kusindikiza jalada. Ofisa anayetakiwa kwenda Mwanza aliandika dokezo. Mkuu wa idara akapitisha. Mhasibu akaangalia kifungu kama kina fedha. Meneja mkuu akasaini. Kisha ofisa akalipwa masurufu dirishani, taslimu, nauli na posho ya kujikimu kwa idadi ya siku zilizoidhinishwa. Akirudi alikuwa na muda maalumu wa kurejesha: vipande vya tiketi, stakabadhi za nyumba ya kulala wageni, ripoti ya safari. Asiporejesha, alikatwa mshahara. Vijana wanaposikia habari hizi huona urasimu tu. Ulikuwepo, na ulikuwa na mianya, kwani stakabadhi za kughushi zilijulikana hata kwa wafagizi. Lakini nasema bila kusita kwamba utaratibu wa masurufu ulisimama juu ya jambo la haki: mfanyakazi haendi kwenye kazi ya ofisi kwa fedha zake. Dereva na mkurugenzi walisimama dirisha lilelile, wakahesabiwa kabla ya gari kuwashwa.

Safari ya nje ilikuwa ngoma nyingine. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, mafuta yalikuwa ghali, na fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani. Shirika lingeweza kuwa na shilingi tele na bado likashindwa kumpeleka fundi wake Bombay kukagua mashine, kwa kuwa dola za kumlaza hoteli na kumlisha zilihitaji kibali cha Benki Kuu. Nilishinda kwenye mabenchi ya Benki Kuu na jalada mapajani. Ilitokea mkutano ukafunguliwa na kufungwa huko Ulaya kibali kikiwa bado mezani kwa mtu. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 na maduka ya kubadilishia fedha yaliyofuata yaliondoa foleni ile, na wakati huohuo mashirika ya umma, ambayo yalikuwa zaidi ya 400, yalianza kuuzwa. La kwetu lilikuwa miongoni mwa hayo. Nikahamia kwa wakala wa tiketi Mtaa wa Samora.

Pale nilijifunza ufundi ambao leo haupo, na ningependa uandikwe mahali. Tiketi ilikuwa kijitabu chembamba: kuponi ya mkaguzi, kuponi ya wakala, kuponi za ndege zisizozidi nne, na ya abiria. Nyuma ya kila karatasi palikuwa na kaboni nyekundu, kwa hiyo uliandika kwa kalamu ya wino mgumu na kwa nguvu ya kiganja, herufi kubwa, hadi maandishi yatokee kwenye karatasi ya mwisho. Jina la ukoo kwanza, mkwaju, jina la kwanza, cheo. Miji chini kwa chini, na X pembeni mwa mji ambao abiria anapita tu. Hukuruhusiwa kufuta. Ukikosea herufi moja, unaandika VOID kuanzia kona hadi kona, kijitabu kizima kinaingia kwenye ripoti, na bosi anauliza. Ukimaliza, unakiweka kwenye mashine ya chuma iliyokuwa na vibao viwili, kimoja cha wakala na kimoja cha shirika la ndege, unavuta mkono wake, na mlio ule wa chuma ndio uliogeuza karatasi kuwa fedha. Tiketi tupu zilifungiwa kwenye sefu usiku, pamoja na vile vibao.

Wino ulikuwa kazi ya mkono. Akili ilikuwa kwenye maili. Nauli kamili ya kwenda London haikuwa ya njia moja. Ilikuwa na kikomo cha maili, na ndani ya kikomo hicho ungeweza kumpitisha abiria miji kadhaa kwa bei ileile. Ukivuka, uliongeza asilimia 5, kisha 10, hadi 25, na baada ya hapo unavunja nauli na kuanza upya. Tulikaa na vitabu vinene vya nauli na vya ratiba, tunajumlisha maili mji kwa mji pembezoni mwa gazeti. Daktari wa wizara aliyekuwa na semina London na kikao Geneva, karani mvivu alimwandikia tiketi mbili. Karani anayejua alimpitisha Cairo, akamshusha Geneva, akamfikisha London na kumrudisha, na wizara ikabakiwa na fedha ya kumsafirisha muuguzi pia. Hakuna mteja aliyewahi kuona hesabu ile. Niliipenda kazi kwa sababu ya hesabu ile.

Na huko ndiko nilikoelewa nani anatangulia kulipa katika zama zetu. Chama cha mashirika ya ndege, IATA, kilianzisha mwaka 1971 huko Japani mpango wa pamoja wa malipo, ambao baadaye ulienea duniani. Badala ya wakala kulipa kila shirika kivyake, anatoa ripoti moja na kulipa mara moja, kwa tarehe iliyopangwa. Tarehe hiyo haisogei. Usipolipa unatangazwa kuwa umekiuka, na wanakuja kuchukua tiketi tupu na vibao. Upande wa pili wa meza wateja wetu wakubwa, wizara, taasisi, miradi, walisafiri kwa LPO, yaani hati ya kuagiza kwa ahadi ya kulipa baadaye. Barua inakuja asubuhi na dereva, tiketi inatakiwa jioni, malipo yatakuja. Ndege inaruka, semina inaisha, msafiri anaandika ripoti yake, na ankara yetu bado iko kwenye trei. Unapiga simu. "Dada, fungu halijashuka." Unapiga mwezi unaofuata. Mhasibu amehamishwa, jalada linatafutwa.

Taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilitukalisha karibu mwaka mzima kwa tiketi za ujumbe uliokwenda Amerika. Mwajiri wangu aliweka nyumba yake rehani benki ili alipe mashirika ya ndege kwa tarehe. Riba ile ilikuwa gharama ya safari ya ujumbe, na haikuandikwa kwenye ripoti yoyote ya ujumbe huo. Ilibebwa na mzee mmoja wa Upanga.

Mawakala waliweza kuvumilia hivyo kwa sababu ya kamisheni. Tiketi ya kimataifa ilimpa wakala asilimia 9, na kwenye tiketi ya daraja la biashara hiyo ilikuwa fedha ya kufuta hasara ya ankara iliyochelewa. Februari 1995 shirika la Delta la Marekani liliweka ukomo wa kamisheni za tiketi za ndani ya nchi yake. Mwaka 2002 likaziondoa kwa mawakala wa huko. Wimbi likatufikia kwa awamu, hadi mashirika mengi makubwa hayakutupa chochote. Tukaanza kumtoza mteja ada ya huduma, na wateja wakaona tunawaibia, kwa kuwa kazi yetu ya zamani hawakuwahi kuilipia wenyewe. Mwisho wa Mei 2008 IATA ikaacha kutoa tiketi za karatasi. Kaboni ilikwisha siku ileile kwa wote, na msafiri akaanza kuja uwanjani na namba tu.

Novemba 2015 Rais Magufuli, siku chache baada ya kuapishwa, alizuia safari za nje za watumishi wa umma bila kibali cha Ikulu. Alipolihutubia Bunge tarehe 20 mwezi huo alitoa hesabu: katika miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15 safari za nje zilitumia shilingi bilioni 356.3, kati yake bilioni 183.16 zikiwa za tiketi peke yake. Alisema fedha hizo zingejenga kilometa 400 za lami. Daraja la kwanza na la biashara likabaki kwa Rais, Makamu na Waziri Mkuu. Ofisini kwetu simu zilinyamaza wiki hiyohiyo. Niliunga mkono hatua ile wakati ule na naiunga mkono sasa, ingawa ilitugharimu ajira, kwa kuwa nilikuwa nimeandika tiketi za watu saba kwenda kikao cha mtu mmoja. Ila siku ile nilitamani hotuba itaje na kundi jingine la fedha: ankara za tiketi zilizokwisha kutumika na ambazo hazijalipwa. Safari zilisimama, madeni yakabaki.

Septemba 2019 Thomas Cook ilianguka, kampuni ambayo mwanzilishi wake aliwapakia watu 500 hivi kwenye treni kutoka Leicester kwenda Loughborough mwaka 1841 na kugeuza upangaji wa safari kuwa biashara ya dunia. Wasafiri wa Uingereza takriban 150,000 walirudishwa kwao na serikali yao. Wenye hoteli wa Uhispania, Ugiriki na Uturuki walibaki na ankara za majira mazima ya joto. Magazeti yaliandika juu ya intaneti na wateja wanaojikatia tiketi wenyewe, na ni kweli, lakini mimi nilisoma habari za wale wenye hoteli mara mbili. Mwaka uliofuata ukaja na korona.

Mwaka 2018 IATA ilikuwa tayari imeanza kuleta utaratibu mpya uitwao EasyPay: wakala anaweka fedha kwenye akaunti kwanza, ndipo mfumo unamruhusu kutoa tiketi. Asiyechagua njia hiyo huwa na dhamana ya benki. Shirika la ndege limejiondoa kabisa kwenye kungoja, na kama ningekuwa shirika la ndege ningefanya hivyo. Mawakala vijana ninaowasaidia siku hizi wameanza kufanya vivyo hivyo kwa ofisi: lipa, nikupe namba ya tiketi. Ofisi kubwa zinanung'unika. Nawaambia vijana wasilegeze.

Tatizo ni kwamba kila mmoja akijiondoa, kungoja hakupotei, kunashuka. Sasa kumemfikia msafiri mwenyewe, na si mkurugenzi. Tangu serikali ihamie Dodoma kwa vitendo, na hata baada ya treni ya umeme kuanza kwenda huko Julai 2024, barabara ya Morogoro imejaa magari ya ofisi, na kila gari lina dereva. Nimewauliza madereva kadhaa wa taasisi na kampuni mbalimbali. Wanaambiwa saa tatu usiku kwamba alfajiri kuna safari, posho itaingizwa kwenye simu. Dereva analala Dodoma au Singida siku tatu au nne, anakula na kulipa chumba, na posho inaingia akiwa amesharudi, wakati mwingine mwezi ukiwa umekwisha. Mmoja alinionyesha ujumbe kwenye simu yake: amekopa kwenye mtandao ili alipie nyumba ya kulala wageni, na mkopo unakatwa ada kwa kila siku anayochelewa kurudisha. Ile ada haina stakabadhi ya kupeleka kwa mhasibu, wala fomu ya kurejesha masurufu haina safu ya kuiandika. Nimeanza kuwashauri madereva waiandike kwa mkono chini ya fomu, wakiambatanisha picha ya ujumbe wa simu. Wawili wamefanya hivyo, na mmoja amerudishiwa fedha yake.